Niliyaweka Marando ya Mama Mkwe Chini ya Taa ya Vifaranga

Nilikosa. Nalisema hilo kwanza kabla sijaanza kujitetea, kwa sababu najijua. Nikipewa nafasi ya kujitetea, naweza kuongea mpaka kesho kutwa!

Usiniulize jina. Mimi ni fundi wa stima, na hapa Embu nimefunga nyaya katika nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikijitaja, wateja wataniita kazi ya uongo ili wapate kunicheka uso kwa uso. Niite Baba Wawira, ingawa mtoto wangu haitwi hivyo.

Wiki iliyopita mteja mmoja, mama anayekuza miche ya nyanya ndani ya nyumba, aliniuliza swali rahisi kabisa. Alitaka kujua anunue taa gani ya LED kwa ajili ya miche, na gani kwa mimea mama anayoikata pingili. Nilihisi masikio yakipata moto. Mara yangu ya kwanza kuchagulia mimea taa ilikuwa miaka ya tisini, wakati LED kwetu ilikuwa ile nukta nyekundu kwenye redio tu, na nilichagua vibaya sana. Halafu nikadanganya. Uongo wenyewe ndio unaonifanya niandike.

Wakati huo mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Majimbo, hapa Embu, chumba cha kulala, sebule na jikoni. Mama mkwe alikuwa anaishi chini huko Mbeere, kwenye joto na mawe, na alikuwa na viazi vitamu ambavyo sijaona vingine mfano wake. Ndani ni vya njano, vikavu, vikipasuka mdomoni unatafuta chai haraka. Alivipata kwa mama yake, naye mama yake alivipata kwa wake. Ukoo mzima wa wanawake umebeba mbegu moja!

Mwaka huo jua lilikataa kutoka. Namaanisha kutoka kwenda zake! Lilikaa tu juu ya Mbeere mwezi baada ya mwezi. Marando ya viazi, yale mashina yanayopandwa, yakakauka mashambani. Yale ambayo akina mama walikuwa wameyaficha kando ya mto yakaliwa na mbuzi, na mto wenyewe ukawa mchanga.

Ndipo mama mkwe akaja Embu na gunia dogo lililoloweshwa maji. Ndani mlikuwa na marando kumi na moja. Hayo ndiyo yaliyobaki. Mvua ya mwezi wa kumi ikifika, yeye na majirani zake watahitaji kitu cha kupanda, na hawana kingine.

"Nyinyi mko na maji ya mfereji," alisema akimwangalia mke wangu, si mimi. "Mwambie Baba Wawira anisaidie kuyalinda mpaka mvua. Mimi sina mahali pengine."

Nilijibu kwa sauti kubwa kutoka upande wangu wa sebule kwamba asiwe na wasiwasi, amefika kwa fundi! Kumbuka maneno hayo.

Nje hatungeweza kupanda. Uani palikuwa na simiti tupu, na kuku wa jirani hawaachi hata jani moja. Sebuleni hapakuwa na nafasi. Nikaamua yakae chumba cha kulala, kwenye ndoo na madebe, upande wa dirisha. Dirisha lenyewe lilitazamana na ukuta, giza tupu, kwa hivyo lazima kuwe na taa.

Nikaenda duka la vifaa vya stima mjini. Mwenye duka, mama mmoja mpole tunayefahamiana, akaniuliza natafuta nini, nikamwambia.

"Chukua tubu nyeupe, fundi, ile taa ndefu," akasema. "Dada yangu ameweka maua chini ya tubu, karibu karibu hivi, na yako sawa kabisa."

Nilicheka. Nilimcheka yule mama wa watu dukani kwake! Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye fundi hapa. Nipe ile balbu nyekundu ya vifaranga."

Ngoja nikueleze akili yangu, usije ukafikiri sikuwa nayo. Jirani yangu alikuwa anafuga vifaranga, na chini ya balbu ile nyekundu walikuwa wananenepa kila ukigeuka. Tena balbu ile ina joto. Embu mwezi wa saba ni baridi ya kuvaa sweta mbili, na marando haya yametoka Mbeere. Nikasema nikiyapa joto la kwao yatafikiri hayajaondoka nyumbani. Niambie ukweli, si hoja hiyo inasikika vizuri? Mimi ilinipendeza sana!

Nikaning'iniza balbu. Chumba kikawa chekundu chote, kitanda, ukuta, hata mke wangu. Akasema hawezi kulala ndani ya tumbo la jiko. Nikamwambia avumilie, ni kwa ajili ya mama yake.

Na marando yakakua! Kila asubuhi nilichukua futi yangu ya kazi nikayapima. Yanaongezeka urefu kuliko mahindi ya mvua. Nikawa naeleza kila mtu. Nikimkuta fundi mwenzangu juu ya ngazi anafunga swichi, namweleza habari za viazi.

Mwezi haujaisha, mama mkwe akaja kuangalia. Na hapa lazima ujue desturi zetu. Kwetu mama mkwe haingii chumba cha kulala cha mume wa binti yake. Haingii hata nyumba ikiwaka moto! Hata maneno tunapitisha kwa mke wangu, ingawa tumekaa hatua tatu na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri.

Basi akaketi sebuleni na kikombe chake. Marando yake yako nyuma ya pazia, hatua sita, na hawezi kuyaona.

"Muulize Baba Wawira," akaanza. "Kutoka jani moja mpaka lingine ni vidole vingapi?"

Nikajibu mwenyewe kwa furaha, "Vidole? Mwambie ni shibiri nzima!"

Mama akaweka kikombe chini.

"Na majani yako na rangi gani?"

Mke wangu akachungulia ndani. "Mama, huko kila kitu ni chekundu. Hata ndoo."

"Basi toeni moja nilione hapa kwa mlango."

Ndugu yangu, hapo ndipo ningeokoka! Kutoa ndoo moja tu, aitazame, aniambie nimekosea wapi, mambo yaishe. Lakini nilishapima, nilishajisifu, nilishawacheka watu. Nikasema hapana, yakitolewa nje yatapigwa na baridi. Mama hakubishana. Heshima ya ukwe haimruhusu kubishana na mimi ndani ya nyumba yangu, na mimi nililijua hilo nilipokataa.

Alipoondoka mke wangu alimsindikiza. Walikaa muda mrefu pale getini wakiongea Kimbeere. Nilidhani wanaulizana habari za nyumbani.

Baadaye nikapata kazi ya kufunga stima katika nyumba mpya ya ghorofa kule Kaaga, Meru. Wiki mbili. Nikamwachia mke wangu amri mbili: amwagilie maji, na asizime taa yangu kamwe.

Niliporudi, aliniangalia kwa jicho ambalo kila mwanamume aliyeoa analijua. "Nenda ukaone watoto wako," akasema.

Nilizima ile balbu, nikatoa ndoo mpaka mlango wa nje, na kwa mara ya kwanza niliyaona marando yale kwa mwanga wa Mungu. Yalikuwa meupe! Membamba kama uzi wa kushonea gunia, yamelala chini, hayawezi kujibeba. Majani yaliyo karibu na balbu yalikuwa yamekauka yakawa ugoro. Wiki zote hizo nilikuwa napima urefu wa mmea unaotafuta mwanga kwa kukata tamaa, na taa nyekundu ilinificha rangi yake. Nilishika moja, likakatika mkononi.

Nilirudi ndani nikakaa kitandani. Marando kumi na moja, ukoo mzima wa wanawake, na nimeyamaliza mimi na futi yangu!

"Mwambie mama ukweli," mke wangu akasema. "Mwambie sasa."

"Nitajua la kufanya."

"La kufanya ni kumwambia."

"Nimesema nitajua!"

Sikumwambia. Nilirudi Meru kumalizia kazi, na siku ya kuondoka nikateremka mtaa wa Majengo, nikatembea nyuma ya nyumba moja baada ya nyingine nikichungulia kama mwizi. Nyuma ya nyumba ya mchinjaji mmoja nikaona marando yametapakaa, majani yenye vidole vitano kama yale ya mama. Moyo uliruka! Mke wa mchinjaji, mwanamke mtu mzima aliyejifunga leso, alitoka akanikuta.

Nikamwomba anikatie mzigo mmoja.

"Mwanangu, hivi ni vya mbuzi," akasema. "Viazi vyake ni maji matupu, hata sisi hatuvili. Utapika nini?"

"Si kitu, mama. Nikatie tu."

"Haya. Lakini usije kusema sikukuambia."

Aliniambia! Hata yule aliniambia ukweli, na hakuwa na haja nami.

Mvua ya mwezi wa kumi ilipopiga, nilichukua gunia lilelile la mama mkwe, nikalilowesha, nikafunga marando ya Majengo ndani, nikateremka nayo Mbeere. Uso wangu ulikuwa umetulia kabisa, mpaka leo naogopa ule utulivu.

Mama alifungua gunia taratibu mbele ya majirani zake. Akachukua jani moja, akaligeuza mgongo, akapitisha kidole kwenye mishipa. Akanusa palipokatwa.

"Mwambie Baba Wawira ahsante," akasema. "Yametoka mbali."

"Mwambie ni hapo Majimbo tu," nikajibu.

"Hata hapo ni mbali," akasema mama.

Halafu akanichinjia jogoo! Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akaniombea kwa Mungu nipate kazi nyingi. Nilikula jogoo yule mpaka mfupa. Kila tonge lilikuwa linaniuliza mimi ni mtu wa aina gani, na kila tonge nililijibu kwa kumeza.

Miezi ikapita, tukaitwa kwenda kuchimba viazi. Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilikuwa nimeshatunga maelezo: udongo umebadilika, au jua la mwaka jana limeingia kwenye mizizi. Tukafika shambani, mama akapiga jembe, kiazi kikatoka, akakivunja vipande viwili.

Njano! Njano kama zamani!

Nilitaka kupiga magoti. Nikasema Mungu wangu ni mkubwa, amegeuza chakula cha mbuzi kuwa urithi! Na unajua nilifanya nini? Nilianza kujisifu tena! Nikawaambia majirani kwamba balbu ile nyekundu ina siri, na kwamba mimi tangu mwanzo nilijua. Mama mkwe aliendelea kulima, na nikaona mgongo wake unatikisika. Nilifikiri anakohoa.

Mchana tukaketi kula. Sufuria ikafunguliwa, kila mtu akapewa viazi vya njano vinavyotoa moshi. Mimi nikapewa sahani yangu peke yangu, imefunikwa. Nikaifunua. Viazi vyeupe, vimelala kwenye maji yao.

Nikamnong'oneza mke wangu, "Hivi ni nini?"

"Ni vyako," akanong'ona naye. "Vya Meru. Kula, mama anakuangalia."

Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu. Mke wangu alinieleza baadaye: kumbe siku ile getini, mama alipomaliza kusikia habari za shibiri, alikuwa amejua marando yake yanakufa. Akamwambia binti yake achukue pingili nne, azifiche nisijue, aziweke penye taa nyeupe. Mke wangu akazipanda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akauweka juu ya kabati la jikoni, chini kabisa ya tubu ambayo nilifunga mimi mwenyewe! Nilikunywa chai mbele ya mkebe ule kila asubuhi nikidhani ni maua. Mke wangu alikuwa anawasha taa akiamka na kuizima akienda kulala, basi. Marando yakawa mafupi, manene, ya kijani kibichi. Siku tatu kabla ya gunia langu, yalikuwa yameshafika Mbeere ndani ya kiondo.

Kwa hivyo kama wewe unachagua taa ya miche leo, ya LED au ya nini, sikiliza mtu aliyelipia somo. Chagua nyeupe, uilete karibu na jani bila kuliunguza, na mmea uupe giza lake usiku. Mmea ukikimbilia juu, usipige makofi, unalia njaa ya mwanga. Na usitumie taa ambayo haikuruhusu kuona jani lako lina rangi gani.

Sasa utasema, Baba Wawira, hapo si ulitubu? Umeshikwa, sahani iko mbele yako!

Sikutubu! Nilikula. Nikasema, "Mwambie mama ni vitamu." Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikaona nyota.

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Tulipokwenda tena, sahani yangu ilikuwa imefunikwa. Krismasi, imefunikwa. Pasaka, vilevile. Watu wazima kwa watoto wanakula vya njano wanalamba vidole, na mimi nameza maji ya Majengo nikisema ahsante. Mama hakunitupia neno hata moja. Alinikaribisha vizuri, akauliza habari za kazi, akaniombea safari njema. Miaka minne!

Nilizoea. Niseme ukweli, nilianza hata kuona nimelipa, kwamba hasara ni ya tumbo langu tu na haimdhuru mtu.

Halafu siku moja nilifika Mbeere peke yangu, asubuhi, bila kutarajiwa, nimepeleka dawa ya ng'ombe. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikazunguka nyuma kumtafuta. Nilimwona upande wa chini wa shamba, jua limeshaanza kuwa kali, ameinama na jembe lile fupi, mkono mmoja ameshika kiuno. Alikuwa ameanza kuugua mgongo, tulijua wote. Alikuwa anapalilia tuta moja lililo peke yake, mbali na mengine. Akapiga jembe mara mbili, akasimama, akapumua. Akainama tena.

Nikaangalia majani. Lilikuwa tuta langu.

Sikuwahi kujiuliza viazi vyangu vinatoka wapi! Kila msimu mama yule alikuwa anakata marando ya mbuzi, anayapanda, anayapalilia, anayafukuzia ngedere, anayachimba, anayapika kwenye sufuria ya peke yake. Kwa mgongo ule. Ardhi ambayo ingempa chakula chake alikuwa amenitengea mimi na uongo wangu, akingoja.

Nililia. Sioni aibu kuandika. Nilitembea mpaka pale nikasimama mbali kidogo, kama desturi inavyotaka, lakini hapakuwa na mke wangu wa kupitisha maneno. Ilibidi niyabebe mwenyewe.

"Mama," nikasema, "marando yako yalikufa mikononi mwangu. Hayo niliyoleta niliyatoa Majengo, ni ya mbuzi. Nilikudanganya mbele ya watu wako, na nikala jogoo wako. Nisamehe."

Alinyooka polepole. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, aliniangalia machoni na kunijibu moja kwa moja.

"Baba Wawira, umechelewa! Nilikuwa naogopa nitakufa na hili jembe mkononi."

Na akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta, akijipangusa machozi na kanga, na mimi nikicheka na kulia kwa pamoja, pua inanitoka.

"Kwa nini hukunisema waziwazi, mama?" nikamuuliza.

"Nikisema mimi, ungesema ndiyo kwa sababu umeshikwa. Nilitaka useme mwenyewe bila kubanwa." Akaninyooshea jembe. "Sasa ng'oa. Yote. Mbuzi wako na njaa."

Nikang'oa tuta zima kwa mikono yangu, mpaka mzizi wa mwisho, na mbuzi wakasherehekea. Mchana ule nilipewa kiazi cha njano, kimoja kikubwa, kwenye sahani ambayo haikufunikwa. Kilinikwama kooni kwa ukavu wake. Nikaomba chai, mama akaniletea mwenyewe.

Wewe unayesoma hapa na umeharibu kitu cha mtu, nakusihi. Usikimbilie Majengo kutafuta kinachofanana nacho. Mpelekee hivyohivyo kilivyokufa, umwambie ni wewe. Atakasirika, ndiyo, na hasira itakwisha. Ukinyamaza usidhani ni wewe peke yako unayeumia. Pengine anajua tayari, na sasa hivi, unaposoma, ameinama juani na mgongo wake mbovu, anakulimia tuta ambalo halimfai kitu, akingoja ufungue mdomo.